Panorama ya kuunganisha au lenzi pana: ipi inakufaa wewe?

Kama lenzi uliyonayo ni ile ya kawaida iliyokuja na kamera, na kila ukipiga mandhari au ukumbi unaona nusu ya vitu vinabaki nje ya fremu, njia ziko mbili. Ama utafute lenzi pana ya 14mm, 16mm au 20mm (hiyo mm ni urefu wa fokasi wa lenzi, namba ikiwa ndogo lenzi inaona eneo pana zaidi) ubonyeze mara moja umalize, ama ubaki na lenzi yako hiyohiyo upige picha kadhaa ukiigeuza kamera kidogokidogo alafu uziunganishe kwenye kompyuta ziwe picha moja ya panorama. Watu wanabishana sana hapa, wapo watakaokwambia lenzi pana inaharibu maumbo na panorama ndo inaonyesha vitu vilivyo, wapo watakaokwambia kuunganisha ni kujitafutia kazi, na mi naona pande zote mbili zinaruka jambo moja la msingi ambalo ukishalielewa uchaguzi unakuwa mwepesi sana.

Jambo lenyewe ni hili: ukubwa wa kitu cha karibu ukilinganisha na cha mbali unatokana na mahali uliposimama, sio lenzi. Simama sehemu moja upige kwa 16mm, alafu bila kusogea upige vipande vingi kwa 50mm uviunganishe mpaka vifunike eneo lilelile, uiambie programu itoe picha yenye mistari iliyonyooka kama lenzi inavyofanya, na picha hizo mbili zitafanana mpaka kwenye kona, hata kule kuvutika kwa pembeni kutakuwepo. Kwa hiyo hoja ya kwamba 50mm "haipindishi" inaishia hapo. Tofauti za kweli ziko tatu: muda (moja inashika tukio kwa mpigo mmoja, nyingine inakusanya sekunde nyingi), wingi wa maelezo madogomadogo kwenye picha, na uhuru wa kuchagua jinsi mandhari yaliyokuzunguka yanavyolazwa kwenye karatasi bapa. Mengine mengi yanazaliwa na hayo.

Vigezo nitakavyotumia kwa zote mbili ni hivi: upana wenyewe, maelezo, vitu vinavyotembea, vitu vilivyo karibu na kamera, umbo la vitu, usiku, na kazi na mzigo unaokuja navyo. Vingine nitavipitia haraka manake havina ugumu.

Upana

Tuanze na namba za kamera yenye sensa kamili (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), ile ya milimita 36 kwa 24. Kamera ikiwa imelala, 50mm inaona kama digrii 40 tu kutoka kushoto kwenda kulia, 24mm inaona 74, 16mm inaona 97 na 14mm inafika 104. Kama sensa yako ni ile ndogo ya aina ya APS-C zidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 (Canon ni 1.6), na kama ni Micro Four Thirds, ambayo ni ndogo zaidi, zidisha kwa 2, yaani 16mm kwenye APS-C inakuwa kama 24mm, kwa hiyo usinunue lenzi kwa kuangalia namba iliyoandikwa bila kujua itafungwa kwenye sensa gani. Lenzi za jicho la samaki zinafika digrii 180 lakini zinakunja mistari yote isiyopita katikati, hizo ni habari nyingine.

Panorama haina mpaka, ukitaka unazunguka digrii 360 kamili. Mfano wa kawaida: kamera imesimama wima, lenzi 50mm, kila picha inaona digrii 27 kwa upana, na kila moja inapandana na mwenzake kwa asilimia 30, kwa hiyo kila picha mpya inaongeza digrii kama 19. Picha sita zinakupa kama digrii 120, ambazo ni zaidi ya 14mm.

Ila kuna kitu watu wanakisahau hapa, nacho ni urefu wa juu na chini. Zile picha sita za 50mm zimechukua digrii 40 tu kwenda juu, wakati 16mm ikiwa imelala inachukua kama 74 kwenda juu. Ndo maana panorama ya mstari mmoja inatoka ndefu na nyembamba, na kama unataka anga kubwa juu na mawe ya miguuni kwako kwa pamoja itabidi upige mistari miwili au mitatu, na kila mstari ukiongezeka nafasi ya kukosea nayo inaongezeka. Jiulize basi picha unayoitaka ni ndefu kwa upande au ni pana pande zote, manake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Maelezo na ukubwa wa kuchapisha

Hapa panorama iko mbele na haina mjadala. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Zile picha sita za wima zikiunganishwa zinakaribia 18000 kwa 6000, yaani megapikseli kama 108 kabla hujakata kingo zilizochongoka. Ukichapisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, picha moja inafika upana wa inchi 20 hivi, yaani nusu mita, na ile ya kuunganisha inafika inchi 60, mita moja na nusu. Tena mlima ulioko mbali, kwenye 50mm unatokea mkubwa mara tatu kwa kila upande kuliko kwenye 16mm, kwa hiyo miti na mapango yake unayaona, hubaki na kivuli cha buluu kilichojikunyata katikati ya fremu. Na kona za lenzi pana mara nyingi ndo sehemu dhaifu, zinakuwa na giza kidogo na vitu haviko wazi sana, wakati kwenye kuunganisha kona nyingi za katikati zinafunikwa na picha ya pembeni yake.

Mfano mkubwa wa hii ni roboti ya NASA ya Curiosity kule Mars. Mwishoni mwa 2019 ilipiga picha zaidi ya 1,000 kwa lenzi yake ya kuvuta mbali, na zilipounganishwa zikatoa panorama ya pikseli bilioni 1.8 iliyotolewa Machi 2020. Hakuna lenzi pana inayoweza kukupa hicho kitu. Ila angalia walivyofanya: kazi ilichukua siku nne, na walipiga kati ya saa sita na saa nane mchana tu kwa saa za kule, ili mwanga ufanane kwenye vipande vyote. Na Mars hakuna mti unaotikiswa wala mtu anayekatiza mbele.

Sasa kwa upande wa lenzi pana, tuseme ukweli, je unahitaji hizo pikseli zote? Skrini ya 4K ina pikseli kama milioni 8 tu. Kama picha zako zinaishia kwenye simu na mitandao, megapikseli 24 za kubonyeza mara moja zinatosha na zinabaki, na panorama ndefu kwenye simu iliyosimama inageuka kuwa kamstari kembamba ambako hakuna mtu atakayekiona hicho ulichohangaikia.

Vitu vinavyotembea

Kwangu mimi hiki ndo kigezo kinachoamua kesi nyingi kuliko vyote.

Lenzi pana inachukua kila kitu kwa mpigo mmoja. Mawimbi, watu sokoni, ndege wameruka, majani kwenye upepo, mtoto anakimbia, gari linapita, vyote vimekaa mahali pake na uhusiano wake ni wa kweli, yule mtu alikuwa pale wakati wimbi lile limefika pale. Kwa picha za matukio, arusi, maandamano, michezo, hakuna haja hata ya kufikiria mara mbili.

Panorama inakusanya vipande vya wakati tofauti, kwa hiyo mtu aliyekuwa kipande cha kwanza akitembea kuelekea unakogeuza kamera anaweza kutokea mara mbili, au akatokea nusu mwili kwenye mshono. Wimbi linakatika katikati. Mawingu yenye upepo yanasogea. Na hili lina historia ndefu, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopiga panorama yake ya San Francisco mwaka 1878 kwa sahani 13 kubwa za kioo (ndo zilikuwa filamu za wakati ule), kazi ilimchukua saa kadhaa na jua likawa linahama huku anaendelea, vivuli vyenyewe vinasema. Leo unaweza kumaliza picha sita ndani ya sekunde kumi, lakini tatizo ni lilelile limepungua tu.

Kuna njia za kulipunguza zaidi na zinafanya kazi vizuri. Piga haraka bila kukagua kila picha. Kama kuna mtu au mnyama muhimu hakikisha ameingia mzima kwenye kipande kimoja, tena asiwe kwenye eneo la kupandana, alafu kwenye programu unaiambia itumie kipande kile kwa eneo lile. Geuza kamera kinyume na watu wanavyotembea ili usiwe unamfuata mtu yuleyule. Kwa maji, ukifungua shata (mlango wa mwanga wa kamera) sekunde kadhaa maji yanakuwa laini kama ukungu na mshono unapotea wenyewe. Na ukiwa unapiga machweo usikae, rangi inabadilika ndani ya dakika chache na kipande cha mwisho kitakuwa na anga ya rangi nyingine.

Vitu vya karibu

Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, alafu fumba la pili ufumbue la kwanza. Kidole kinaruka kikilinganishwa na ukuta wa nyuma. Hiyo ndo paralaksi, na kamera ikigeuka huku lenzi inahama kidogo kinatokea kitu hichohicho, jiwe la karibu linahama ukilinganisha na mlima wa nyuma, na programu haiwezi kuunganisha vipande viwili vinavyopingana. Unapata uzio uliokatika, vigae vya sakafu ambavyo havikutani, tawi lenye vivuli viwili.

Dawa yake ni kuigeuza kamera kwenye nukta maalum iliyo ndani ya lenzi, pale inapoonekana tundu la lenzi lilipo ukiitazama kwa mbele. Wengi hugeuza kwenye tundu la tripodi (stendi ya miguu mitatu) chini ya kamera, na mara nyingi nukta yenyewe iko mbele ya hapo. Kuna vichwa maalum vya tripodi vya panorama vyenye reli ya kusogeza kamera mbele na nyuma. Kuipata nukta sio ngumu: panga vitu viwili vya wima kwenye mstari mmoja, kimoja karibu kimoja mbali, geuza kamera kushoto na kulia huku ukitazama, kama vinaachana sogeza kamera kwenye reli ujaribu tena mpaka vikae pamoja muda wote. Weka alama, ukiwa na lenzi ileile isiyo ya zoomu huna haja ya kutafuta tena.

Kama kila kitu kiko mbali, tuseme kitu cha karibu zaidi kiko makumi ya mita, paralaksi ni ndogo mno na unaweza kupiga kwa mkono bila tripodi kabisa. Ndo maana panorama za milima kutoka juu ya kilele zinatoka safi hata kwa mtu asiye na kifaa chochote, na za ndani ya chumba zinasumbua hata wazoefu.

Kuna na suala la fokasi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Lenzi ya 16mm kwa f/11 (f ni namba ya tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo), ukiweka fokasi kwenye mita 0.8 tu, kuanzia sentimita 40 mpaka upeo wa macho vyote viko wazi. Lenzi ya 50mm kwa f/11 hiyohiyo unaweka fokasi kwenye mita 7.6 na uwazi unaanzia mita 3.8, kwa hiyo maua ya miguuni kwako yatakuwa ukungu, na kuyapata itabidi upige kila kipande kwa fokasi tofauti uchanganye baadaye, kazi juu ya kazi.

Kwa hiyo kama picha yako inategemea kitu cha karibu, ua, jiwe lenye umbo, mtumbwi ufukweni, nyayo kwenye mchanga, lenzi pana ndo kifaa chake. Na hapo niseme kwa wanaotaka kuinunua: lenzi hii inataka usogee, usogee kwelikweli, kitu cha mbele kiwe umbali wa hatua moja au chini ya hapo. Wengi wanainunua ili "iingize kila kitu", wanasimama mbali, na wanachopata ni uwanja mtupu mbele na milima midogo kule nyuma, alafu lenzi inalala kwenye begi. Kama unachokipenda ni ile milima yenyewe, huihitaji 16mm, unahitaji kuunganisha kwa 50mm au hata 85mm.

Umbo: kuvutika na kupinda

Lenzi pana ya kawaida inalinda mistari nyoofu, ukuta unabaki ukuta, lakini bei yake ni kuvutika kwa pembeni. Kwenye ukingo wa picha ya 14mm uso wa mtu unavutika upana kama mara moja na nusu ya urefu wake, kichwa kinakuwa kama yai lililolala. Picha za pamoja usiweke watu kwenye kingo, na kama ni kundi kubwa rudi nyuma utumie lenzi ndefu zaidi. Ukiinamisha lenzi pana kuelekea juu majengo nayo yanalala nyuma, kwa hiyo kamera ikae sawa na upeo wa macho.

Panorama inakupa kuchagua, na mi naona huu ndo utamu wake mkubwa ambao watu hawautumii. Programu inakuuliza unataka kuilaza vipi. Ukichagua ile ya mistari nyoofu unapata tabia ileile ya lenzi pana, na ukivuka digrii 120 hivi pembeni panavutika mpaka hapatazamiki. Ukichagua ya mcheduara (kama picha imebandikwa ndani ya kopo alafu likakunjuliwa), nguzo na miti inabaki wima, watu wa pembeni hawanenepi, na unaweza kwenda mpaka mzunguko mzima, ila mistari ya kulala iliyo juu au chini ya upeo wa macho inapinda kama upinde, barabara iliyonyooka mbele yako inakuwa tumbo. Ya tufe inakunja zaidi ila inabeba na anga la juu kabisa. Kwa milima, misitu, bahari, mcheduara ni mzuri sana manake hakuna mistari ya kupinda isipokuwa upeo wenyewe, na huo ukiwa umeisawazisha kamera unabaki nyoofu. Kwa majengo marefu kwa upande, ngazi, vyumba, ya mistari nyoofu ndo inafaa na hapo lenzi pana inafanya kazi hiyohiyo kwa sekunde moja.

Usawa wa kamera una maana kwenye panorama kuliko hata kwenye lenzi pana. Kama tripodi imelala kidogo upeo wa macho utatoka na mawimbi, programu inaweza kunyoosha lakini inakula kingo za picha.

Usiku na nyota

Hapa matokeo yanashangaza wengi. Lenzi ya 14mm f/2.8 ina tundu la milimita 5 tu, gawanya 14 kwa 2.8 utaona. Lenzi ya 35mm f/1.4 ina tundu la milimita 25, mara tano kwa upana, kwa hiyo eneo ni mara 25. Ni kweli kwa 35mm nyota zinaanza kuwa mistari mapema, kanuni ya wapigaji inasema gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo 14mm unaruhusiwa sekunde kama 35 na 35mm kama 14 tu. Hata hivo, kila nyota inapata mwanga kama mara kumi zaidi kwenye ile 35mm. Panorama ya Njia ya Maziwa iliyounganishwa kwa 35mm ina punje chache (vile vidoti vya uchafu vinavyotokea kwenye giza) na nyota nyingi kuliko picha moja ya 14mm, tofauti unaiona kwa macho bila kuambiwa.

Lakini anga linazunguka digrii 15 kwa saa, na nchi haizunguki nalo, kwa hiyo ukichelewa vipande vya anga na vya ardhi vinagombana. Panga mapema, anza na anga, malizia na ardhi. Na kwa mwanga wa aurora unaocheza angani kila sekunde, au vimondo, rudi kwenye lenzi pana, panorama haitakusaidia.

Kazi, programu na mzigo

Lenzi pana ukishapiga umemaliza, na umeona palepale picha imetokaje. Hiyo ya kuona palepale ina thamani kubwa, unasogeza mguu, unainama, unapiga tena. Kwenye panorama unapanga picha kichwani na unaona matokeo nyumbani, kwa hiyo acha nafasi juu, chini na pembeni manake kukata kingo ni lazima.

Kupiga kwenyewe kuna masharti: weka kila kitu kwa mkono, mwanga, ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga), waiti balansi (marekebisho ya rangi ya mwanga) na fokasi, vipande vyote viwe sawa. Filta ya polaraiza (kioo cha kupunguza mng'ao) iache kwenye begi kwa njia zote mbili kama anga ni kubwa, inatia doa jeusi la buluu upande mmoja wa anga kwa sababu nguvu yake iko digrii 90 kutoka kwenye jua. Lenzi nyingi pana sana zina kioo cha mbele kilichotuna ambacho hakipokei filta ya kuzungusha kabisa, hilo nalo liangalie kabla hujanunua.

Programu siku hizi hazitishi. Zamani ulikuwa unaweka alama kwa mkono kwenye kila jozi ya picha, mpaka Matthew Brown na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia walipoonyesha mwaka 2003 jinsi kompyuta inavyoweza kuzitambua na kuzipanga yenyewe. Lightroom inaunganisha kwa kubonyeza mara chache na inakuachia faili ghafi (RAW) bado, Photoshop nayo inaweza, PTGui ni ya wanaotaka udhibiti wote, na Hugin ni ya bure na ina nguvu sana ukiwa na subira ya kujifunza. Nafasi ya diski ndo uijali: panorama ya megapikseli 100 ikihifadhiwa kama faili ya aina ya TIFF ya biti 16 inakula kama megabaiti 600, moja tu. Na ukitaka kila kipande kwa mwanga wa aina tatu, picha sita zinakuwa 18.

Mzigo na pesa: lenzi pana ni kitu cha kununua na kubeba, panorama unaianza leo na ulichonacho. Ukianza kupiga vitu vya karibu ndo inaanza kudai tripodi na kichwa maalum, na hivo vinaweza kuwa vizito kuliko lenzi yenyewe.

Kwa wenye simu

Simu nyingi tangu kama 2019 zina lenzi pana ya ziada inayolingana na 13mm hivi, na hali ya panorama ipo kwenye simu miaka mingi. Kanuni ni zilezile. Lenzi pana ya simu mara nyingi ina sensa ndogo kuliko kamera kuu, mchana ni safi, usiku inaota punje. Panorama inatumia kamera kuu lakini inakusanya vipande vyembamba mfululizo, kwa hiyo anayetembea anakatwa au anarefushwa. Ukifagia, zunguka wewe mwenyewe huku simu ikiwa karibu na mwili, usiitembeze kwa mkono ulionyooka manake hapo ndo paralaksi inaingia.

Kuna njia ya katikati

Sio lazima uchague upande. Lenzi ya 24mm ikisimamishwa wima inaona digrii 53, picha tatu tu zikipandana vizuri zinakupa kama digrii 127, na urefu juu na chini unabaki wa kutosha. Ni vipande vichache, makosa machache, na megapikseli zimeongezeka. Kwa wapiga majengo zipo lenzi za kuteleza, unatelezesha lenzi kushoto na kulia bila kugeuza kamera na vipande vinakutana vikiwa nyoofu. 24mm inayoteleza milimita 12 kila upande inakupa zaidi ya digrii 100. Ni ghali na fokasi yake ni ya mkono, lakini kwa kazi ya majengo inajilipa.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unapiga watu na matukio, au vyumba vya kuuza na kupangisha ambako unaingia na kutoka haraka, nenda na lenzi pana, na kwa vyumba isiwe pana kupita kiasi, 16 mpaka 20 kwenye sensa kamili inatosha, ukizidi chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo na mteja akifika ataona amedanganywa.

Kama unapanda milima na begi lako kila gramu ina maana, na unachopenda ni vilele vya mbali, beba lenzi moja ya kawaida na uunganishe kwa mkono. Ukitaka kutundika picha ukutani kwa ukubwa, hapo hata kama lenzi pana unayo, unganisha.

Kama unapenda ufukwe, mawimbi na mawe ya mbele, lenzi pana. Ukipenda ufukwe uleule kwa maji yaliyolainishwa na upeo mrefu, panorama inakubali. Wa nyota, anza na lenzi pana ujifunze anga, alafu ukishachoka na punje hamia kwenye kuunganisha kwa 35mm yenye tundu kubwa. Wa majengo, lenzi pana au ya kuteleza.

Na kama bado huna uhakika na hela ya lenzi haijatoka mfukoni, usiitoe kwanza. Tumia lenzi uliyonayo, piga panorama kwa wiki kadhaa kwenye sehemu zilezile unazopenda kupiga, alafu zikusanye zilizoharibika uziangalie zimeharibika wapi. Kama mishono imevunjika kwa sababu ya watu, mawimbi na vitu vya karibu, hiyo ndo orodha ya picha ambazo lenzi pana itakupa. Kama zimetoka safi na unazikuza kwenye skrini kutafuta nyumba ndogo kule bondeni, tafuta tripodi nzuri badala yake.